Weupe wa Ramani: Mbulu na Hanang kwenye Karatasi za Zamani

Aliyefanya mtihani wa Jiografia wa kidato cha nne anaikumbuka ile karatasi ya rangi iliyokuja pamoja na maswali: mistari ya kahawia inayojikunja, vijito vya buluu, vidoti vyeusi, na swali la kutaja kazi za wakazi wa eneo hilo kwa ushahidi wa ramani. Majibu tuliyakariri. Vidoti vingi ni makazi, kontua zilizobanana ni mteremko mkali, shule na kanisa ni huduma za jamii. Alama zikishapatikana, karatasi inasahaulika.

Kipande kile cha mtihani hukatwa kutoka kwenye ramani za topografia za skeli ya 1:50,000, mfululizo ambao wapima ardhi wanauita Y742. Unaigawa nchi vipande vya dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, na kila karatasi inabeba eneo la karibu kilomita 28 kwa 28. Aliyepanga mikato hiyo hakuuliza watu wanasali wapi wala wanaenda mnada gani. Alifuata mistari ya dunia. Ndiyo maana Mlima Hanang uko kwenye karatasi namba 84/4, lakini mji wa Katesh ulio miguuni pake haupo humo. Mstari wa nyuzi 4 na dakika 30 kusini unapita katikati yao: kilele kiko kaskazini mwake, mji kusini mwake, na kati yao ni kama kilomita 10 tu. Anayetaka kuutazama mji pamoja na mlima wake lazima awe na karatasi mbili, akunje pambizo ya moja na kuziunganisha kwa selotepu.

Kazi hiyo ndogo ya mezani inafaa kufanywa na kila mtu mwenye kiwanja Katesh. Karatasi zikishaungana, jicho linakwenda lenyewe kwenye makorongo. Hanang ni volkano iliyozimika, na kilele chake cha mita zipatazo 3,417 kinasimama peke yake juu ya uwanda. Mbavu zake zimechanwa na maji pande zote. Kila palipo na korongo, kontua inarudi nyuma kuelekea kileleni na kuchora herufi V. Fuata ncha za hizo V, moja baada ya nyingine, kutoka juu kushuka chini, na utakuwa umefuata njia ya maji hadi inapotokea uwandani.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope lilishuka kwa njia hizo. Lilibeba mawe na magogo, likapita Jorodom na Gendabi, likaingia Katesh mjini na kufukia nyumba na maduka. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia, ikameguka. Sidai kwamba ramani ilitabiri jambo hilo. Ramani haijui mvua itanyesha lini wala mwamba umechoka kiasi gani. Lakini swali la "korongo hili linaishia wapi" inalijibu bila kusita, na ilikuwa inalijibu miaka mingi kabla Katesh haijawa makao makuu ya wilaya na kabla lami ya Babati hadi Singida haijauvuta mji kujipanga kandokando yake.

Kuna jambo jingine la kuangalia hapo chini, pale kontua zinapoacha kubanana na kuanza kuachana. Ardhi ya namna hiyo, kwenye mguu wa mlima wa volkano, inapendwa na kila mtu: haina mwinuko wa kuchosha, udongo wake ni mzuri, na msingi wa nyumba unachimbika kirahisi. Kwa kawaida ni ardhi iliyotengenezwa na vitu ambavyo mlima ulivimwaga siku za nyuma. Anayejenga juu yake anajenga kwenye mwisho wa njia ya zamani, ingawa anayetazama kwa macho haoni njia yoyote.

Karatasi hizi zina historia yake. Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha idara ya kupima makoloni yake, Directorate of Colonial Surveys, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Directorate of Overseas Surveys. Idara hiyo ilifanya kazi na wapima wa Tanganyika, na baada ya uhuru ikaendelea kwa ushirikiano na idara yetu ya upimaji na ramani, Dar es Salaam. Ndege ilipita juu ikipiga picha zinazopandana. Picha mbili za sehemu moja zikitazamwa kwa pamoja kwenye chombo maalumu, ardhi inainuka machoni, na mchoraji aliyeketi Uingereza anaweza kuchora kontua za kilima ambacho hajawahi kukikanyaga. Majina yalikusanywa huku chini, na karani aliyeyaandika mara nyingi hakuwa Mwiraqw wala Mbarabaig, wenyeji wa huko. Ziwa lile lile la magadi kaskazini mwa Hanang utalikuta ni Balangida hapa, Balangda pale.

Kwa hiyo tarehe ya kutafuta kwenye pambizo ya karatasi si ya kuchapishwa. Ni ya picha. Ramani inaweza kutoka kiwandani miaka kadhaa baada ya ndege kupita, na kinachoonyeshwa ni nchi ilivyokuwa siku ndege ilipopita. Kwa Mbulu na Hanang tofauti ya miaka michache inabadilisha kila kitu, kwa sababu katikati kuna Operesheni Vijiji. Picha zikiwa za kabla ya miaka ya 1973 hadi 1976, vidoti vya nyumba vinakaa kama wenyewe walivyokaa: kimoja kwenye bega la kilima, viwili karibu na kijito, vingine vimetawanyika. Wakati wa operesheni watu walihamishwa wakasogezwa pamoja, wengine kwa kulazimishwa. Mtu aliyezaliwa kijijini mwaka 1980 akiweka kidole kwenye karatasi ya kizazi cha nyuma, anaweza kuona mahali babu yake alipokuwa na boma, sehemu ambayo leo ni shamba la mtu mwingine au kichaka tu.

Jina Mbulu lenyewe linamchanganya msomaji wa leo. Kwenye ramani ya wakati wa Mwingereza, Wilaya ya Mbulu inameza karibu kila kitu kilichomo kati ya Ngorongoro na Singida. Hanang ilitolewa humo mwaka 1969, Babati ikatolewa Hanang mwaka 1985, na Karatu ikajitenga na Mbulu mwaka 1995. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 kutoka Arusha. Anayesoma kwamba katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kwamba kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, asifikirie mji mdogo wa milimani peke yake. Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama kama mgombea binafsi na kumshinda mgombea wa chama chake, alishinda katika nchi iliyokuwa pana kuliko wilaya inayobeba jina hilo sasa.

Rudi nyuma zaidi, hadi enzi ya Wajerumani. Oscar Baumann alipita nyanda hizi na msafara wake kati ya mwaka 1891 na 1893, akachora njia aliyopita na kile alichokiona kutoka njiani. Mlima Hanang anauita Gurui. Fritz Jaeger na Eduard Oehler walizunguka nchi ya volkano na bonde la ufa mwaka 1906 na 1907, wakapima zaidi. Habari za wasafiri hao na za maofisa wa jeshi ziliingizwa kwenye ramani kuu ya koloni ya 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel mjini Berlin. Ukiitazama ramani ya namna hiyo, unaona mistari myembamba ya njia za misafara, imejaa majina, vijito na vilima pande zote mbili. Kati ya mstari na mstari ni weupe mtupu. Weupe huo ulikuwa na maana moja ya kweli: Mzungu hakupita hapa.

Ndani ya weupe wa namna hiyo waliishi watu. Kusini mwa mji wa Mbulu wa leo ndiko iliko Irqwar Da'aw, nchi ya kale ya Wairaqw, mahali palipolimwa kwa samadi, kwa matuta na kwa kugawana maji ya mabonde miaka mingi kabla ya boma la Mjerumani. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba Wairaqw walijibana milimani kwa kuwaogopa Wamasai, na kwa kubanwa huko wakalazimika kulima kwa ufundi. Henry Fosbrooke aliziandika katika miaka ya 1950 zile nyumba zao zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo, akaziweka katika orodha ya mbinu za kujihami. Mwanajiografia Lowe Börjeson wa Stockholm, katika utafiti alioutoa mwaka 2004, aliipinga sehemu kubwa ya hadithi hiyo ya kuzingirwa: kilimo kile, anasema, kilijengwa kidogo kidogo na kazi ya kila siku ya wakulima wenyewe, si zao la hofu tu. Mimi naegemea upande wake. Hofu inaweza kumfanya mtu ajifiche, lakini haimwelezi mtu anayebeba samadi kwenda shambani mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, nyumba zile zinanifanya nitabasamu kila ninapofikiria mchoraji wa Uingereza akihesabu paa kutoka angani. Nyumba yenye paa la udongo ubavuni mwa kilima haitoi kivuli cha kujivunia. Idadi ya vidoti kwenye milima ya Mbulu isomwe kwa tahadhari.

Robert Thornton, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu kuhusu Wairaqw mwaka 1980, alionyesha kwamba kwao ardhi haikuwa uso wa kupimwa tu. Eneo la jamii, aya, lilifanywa liwe la watu kwa maamuzi ya wazee na kwa matambiko kwenye mipaka yake. Mipaka hiyo ilijulikana na kila mtu mzima, ikapita kwenye mto huu, jiwe lile, ukingo wa msitu ule. Karatasi ya 1:50,000 ina mto, ina ukingo wa msitu kwa rangi ya kijani, hata jiwe kubwa linaweza kuwemo. Mpaka wenyewe haumo.

Kijani nacho kina mambo yake. Kabla ya miaka ya 1950 sehemu kubwa ya nchi ya chini kuzunguka nyanda za Mbulu ilikuwa vichaka vya mbung'o, na ng'ombe hawakuweza kukaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo wa Mbulu: vichaka vifyekwe, watu washuke kutoka milimani palipojaa, na mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Kufyeka kulipendwa na wengi, kupunguza mifugo kulichukiwa. Watu wakashuka. Haydom, ambayo leo ni mji wenye hospitali inayojulikana nchi nzima, ilikuwa pori wakati Wanorwe wa misheni ya Kilutheri walipojenga hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Weka karatasi ya zamani ya upande huo kando ya ya baadaye, na utaona kijani kikirudi nyuma huku njia za magari na vidoti vikisonga mbele. Ukingo huo wa kijani ramani inauita mpaka wa msitu. Mfugaji wa wakati ule angeuita mpaka wa nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o.

Sasa twende magharibi mwa Hanang, kwenye karatasi ya jirani, uwanda wa Basotu. Katika ramani za mfululizo huu vichaka na misitu hupakwa kijani, lakini nyasi haziwekewi rangi. Uwanda wa nyasi unabaki mweupe, kontua zake zikipishana mbali. Mtu wa mipango aliyeketi Dar es Salaam au Ottawa na karatasi ya namna hiyo mezani anaona mambo matatu: tambarare, hakuna miti ya kung'oa, hakuna watu. Mfugaji wa Kibarabaig anayeijua nchi hiyo anaiita muhajega, malisho bora kuliko yote ya mzunguko wake wa mwaka, ambayo hutumiwa kwa zamu na kuachwa yapumzike. Picha ya ndege iliyopigwa wakati ng'ombe wako kwingine haiwezi kuonyesha zamu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa msaada wa Kanada kupitia CIDA, shirika la umma NAFCO lilifungua huko mashamba ya ngano hadi yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Kwa pamoja yalichukua karibu ekari 100,000. Matrekta makubwa yalilima mifereji iliyonyooka hadi upeo wa macho, na kwa miaka kadhaa ngano ya Hanang ilikuwa fahari ya taifa. Nisiibeze: nchi ilikuwa inaagiza ngano kutoka nje kwa fedha za kigeni, na mashamba yale yalitoa mavuno ya kweli.

Lakini ardhi ile ilikuwa na makaburi. Mzee wa Kibarabaig anayeheshimiwa, akifa, huzikwa kwa bung'ed: kilima cha udongo kinachojengwa kwa hatua, kwa miezi, watu wa koo mbalimbali wakishiriki, hadi sherehe ya kukikamilisha. Baada ya hapo kilima hakitunzwi kama kaburi la saruji. Kinaachwa kishuke taratibu, na mahali pake panabaki pa kuendea, kuomba na kukumbuka. Charles Lane, aliyeandika juu ya upotevu wa malisho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1996, anaeleza jinsi mengi yalivyopitiwa na majembe ya matrekta. Kilima cha bung'ed kilichoshuka hakifikii hata nafasi kati ya kontua mbili. Kwenye karatasi hakipo, na dereva wa trekta, mgeni katika nchi ile, asingekijua mpaka aonyeshwe.

Wakazi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki kwa sehemu mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Wanasheria bado wanaifundisha kesi hiyo, hasa kwa hoja moja ya ajabu: wakazi walitakiwa wathibitishe mahakamani kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Watu ambao mababu zao wamelala chini ya mashamba hayo walikosa karatasi ya kuonyesha kwamba mababu walikuwepo. Mwaka 1993 serikali iliunda tume kuchunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo. Msaada wa Kanada ulikwisha miaka hiyo hiyo, na baadaye mashamba hayakubaki ya NAFCO. Jina Waret lilirudi magazetini kwa sababu nyingine: ndiko zilikojengwa nyumba za waliopoteza makazi kwenye maporomoko ya mwaka 2023.

Wahadzabe wa Yaeda Chini, upande wa magharibi wa Mbulu, walijifunza mapema kuliko majirani wengi kwamba weupe una gharama. Nchi yao ya kuwinda na kuokota matunda, ikitazamwa kwenye karatasi, ni pori lisilo na shamba wala nyumba ya kudumu, na kila mwenye ng'ombe au jembe aliiona hivyo. Wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walichora wenyewe matumizi ya ardhi yao, mipaka ikapimwa, na mwaka 2011 wakapewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jamii nzima, jambo ambalo halikuwa limezoeleka nchini. Hawakufuta ramani ya serikali. Waliijaza.

Anayetaka kujaribu haya kwa mji wake anahitaji vitu vichache. Nakala za karatasi za 1:50,000 huombwa idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi, na yule anayetafuta toleo la zamani aseme wazi kuwa anataka la zamani, maana mwenye duka la ramani atadhani anamfanyia hisani kwa kumpa jipya. Ramani nyingi za enzi ya Mjerumani na za jeshi la Uingereza zimepigwa picha na maktaba za Ulaya na zinatazamwa bure kwenye intaneti. British Library ina mkusanyo mkubwa wa ramani za Afrika Mashariki. Karatasi ikishapatikana, isipelekwe kwa mzee kama mtihani. Wazee wengi hawasomi kontua, na hawana sababu ya kuzisoma. Waambie majina yaliyomo kwa sauti, kwa mfuatano wa njia, mto baada ya mto, na waache wakurekebishe. Watakwambia jina hili limehamishwa, lile liliandikwa vibaya, na hapa katikati, penye weupe, palikuwa na kitu.

Halafu unakwenda na simu kukitafuta. Hapo pana mtego mmoja. Karatasi hizi zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, na simu inatumia msingi wa setilaiti, WGS 84. Namba zile zile za gridi, ukizichukua kwenye karatasi na kuzitia kwenye simu bila kuzibadilisha, zitakupeleka pembeni kwa karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwa anayetafuta mji, mita 300 si kitu. Kwenye uwanda wa Basotu zinatosha kulitoa kaburi ndani ya mpaka wa shamba na kuliweka nje, au kulirudisha ndani, na ofisa atakayepelekewa namba hizo ataamini kile kinachoonekana kwenye kioo cha simu.